Gita la Mtaani

Wanadamu hupenda muziki kwa namna nyingi. Yuko apendaye kuimba, yuko apendaye kucheza, na yuko ambaye hutosheka kuketi kimya akasikiliza. Mimi ni wa kundi la tatu. Sauti yangu haifai kuimba mbele ya watu, na miguu yangu ni mizito katika ngoma. Lakini masikio niliyojaliwa nimeyatumia kwa bidii, na katika ala zote walizobuni wanadamu hapana iliyonivuta kama gita. Pendo hili lilinianza utotoni katika Mji wa Kale wa Mombasa, na hata sasa, kichwa kikiwa kimekwisha kuingia mvi, halijapungua.

Msomaji, ukisikia mtu akisema hivi huenda ukadhani kwamba siku zake hupita katika kumbi za starehe. Sivyo. Kumbini nimekwenda, kiingilio nimelipa, na makofi nimepiga kama wengine. Walakini gita nilipendalo zaidi ni lile linalopigwa mahali ambapo hapana mtu aliyekwenda kwa ajili yake: mlangoni pa fundi cherehani, kwa kinyozi, penye kivuko, au barazani jua linapopungua. Wapitao hapo wana shughuli zao. Huyu amebeba samaki, huyu anakwenda kulipa deni, na yule amemshika mtoto mkono. Gita huwakuta katika hali hiyo, nao hulipokea au hulikataa. Nataka kukueleza kwa nini naona kwamba hapo ndipo gita linapopimwa kwa mizani iliyo kali kuliko zote, na kwa nini adabu ya kulipiga hapo ni elimu inayostahili kuhifadhiwa.

Kwanza tulitazame gita lenyewe. Ni sanduku jepesi la mbao, lenye kiuno chembamba kama cha nyigu, tundu la mviringo kifuani na shingo ndefu. Nyuzi sita hutoka tumboni, zikapita juu ya tundu, zikapanda shingo hadi kwenye vigingi vya kuzikazia. Uzi peke yake hauna sauti ya kutosha hata kumwamsha mtoto mchanga. Sanduku ndilo linalopokea mtikisiko wa uzi na kuukuza. Uzi ulio mnene kuliko yote, ukikazwa kwa desturi, hutikisika kiasi cha mara 82 kwa sekunde. Ulio mwembamba kuliko yote hutikisika kiasi cha mara 330, yaani mara nne ya ule wa kwanza. Shingoni vimepandwa vipande vyembamba vya chuma vinavyomwonyesha mpigaji mahali pa kubana. Kila kipande hupunguza takriban sehemu moja ya 18 ya urefu wa uzi uliobaki, na ukifika kipande cha 12 umefika nusu kamili ya uzi. Hapo sauti hurudi ile ile, ila juu zaidi. Kumbe hesabu ya sehemu, ambayo wanafunzi wengi huilalamikia, imelala ndani ya gita ikingoja kidole tu cha kuiamsha.

Gita si mzaliwa wa pwani yetu. Mwenyeji wake ni udi, ala ya Waarabu iliyokaa kwetu kwa muda mrefu, na ambayo jina lake ndilo lililozaa neno laúd la Kihispania. Wapenzi wa udi hawawezi kumsahau Zein l'Abdin, aliyezaliwa Lamu mwaka 1939, akafanya makao Mombasa, na akafariki mwaka 2016. Udi na gita ni jamaa, lakini kila mmoja ana tabia yake. Shingo ya udi ni laini, haina vipande vya chuma; kidole cha mpigaji huweza kutua popote. Kwa sababu hiyo udi hutoa bila taabu zile sauti za katikati ambazo muziki wa Kiarabu huzihitaji, ilhali gita limekwisha kugawanywa kwa chuma na haliwezi kuzitoa kwa urahisi. Mpigaji gita aliyelelewa Mombasa, ambaye masikio yake yamejaa udi, qanuni na fidla za arusini, huzitafuta sauti hizo kwa hila. Huubana uzi kisha akausukuma kando kwa nguvu ya kidole, mpaka sauti ipande kidogo kupita mpaka wake. Nimeyasikia magita ya nchi nyingine yakivutwa hivyo kwa sababu nyingine. La kwetu hufanya hivyo kama mgeni anayejifunza lugha ya nyumba aliyofikia, naye mgeni anayejitahidi kusema kama wenyeji hapewi kiti cha mlangoni.

Na alipewaje kiti ndani? Hapa yafaa tukumbuke historia kidogo. Mmoja wa watu waliolifanya gita liseme Kiswahili ni Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka 1924 katika pwani ya Kenya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi la King's African Rifles, akiwatuliza kwa muziki askari waliokuwa mbali na kwao. Baada ya vita alirekodi nyimbo za Kiswahili, akawa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gita la umeme. Alifariki mwaka 2000. Mbali na pwani, huko Katanga, kijana Jean Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao leo huitwa Likasi. Wimbo wake uitwao Masanga ulipigwa kwa gita moja tu, lakini asiyejua huapa kwamba wapigaji ni wawili. Siri ilikuwa katika mkono wake wa kulia: gumba lilishika nyuzi nene, na kidole cha shahada kilicheza juu ya nyuzi nyembamba. Magharibi ya Kenya alikuwako George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, bingwa wa mtindo uitwao omutibo, ambaye gita lake lilifuatana na mlio wa chupa ya soda iliyokwaruzwa.

Jirani zetu wa Tanga nao walitenda jambo kubwa. Katika miaka ya 1960 chama cha Black Star kiliingiza gita na gita la besi katika taarabu, na nyimbo zake zikavuka mpaka kwa santuri na kwa redio. Hapo gita likaingia arusini kama mtu wa nyumbani. Baadaye, hoteli za ufuoni zilipoongezeka, bendi za pwani zilipata kazi ya kuwaburudisha wageni. Them Mushrooms walikuwa bendi ya namna hiyo, na mwaka 1982 walitoa wimbo wa Jambo Bwana, uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison. Wimbo huo umekwenda mbali sana duniani, lakini maneno yake ni salamu ambazo kila mtu wa pwani huzitumia kila siku. Tazama basi, msomaji: hata muziki uliotungwa kwa ajili ya wageni uliokota mbegu yake katika maneno ya njiani.

Nimewataja mabingwa hawa kwa sababu moja. Ufundi wa gita katika nchi zetu haukuenezwa kwanza na vitabu. Ulipita kwa macho na masikio, kutoka kidole hata kidole. Kijana alisimama karibu na mpigaji, akatazama mkono wa kushoto unabana wapi na wa kulia unacharaza vipi, kisha akaenda kujaribu. Ili jambo hilo liwezekane, sharti mpigaji awe mahali ambapo kijana asiye na senti anaweza kumkaribia. Ukumbi una mlango, na mlango una bawabu. Mtaa hauna bawabu.

Sasa njoo nami katika Mji wa Kale, ili uone ni mahali pa namna gani pa kusikilizia. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake za zamani zikashikwa na boriti za mikoko. Vichochoro ni vyembamba, na mahali pengine majirani wawili huweza kupeana sahani ya kaimati toka dirisha hata dirisha. Katika njia kama hizo sauti haipotei. Hugonga ukuta huu ikarudi ukuta ule, ikapanda hata roshani za juu. Toka Ndia Kuu hata Kibokoni, mtu mwenye masikio huijua saa bila kutazama saa. Alfajiri husikia adhana, kisha watoto wakisoma chuoni, kisha mlio wa vikombe vya muuza kahawa, kisha tuktuk zikibishania nafasi isiyozitosha. Mpigaji gita akiketi mlangoni pake hajiongezi katika ukimya. Anaingia katika mazungumzo yaliyokwisha kuanza karne nyingi kabla yake, maana ngome ya Fort Jesus iliyo jirani ilianza kujengwa mwaka 1593, nayo iliukuta mji.

Tena hali ya hewa si rafiki wa gita. Upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi hula chuma. Uzi usiopanguswa hupata kutu upesi. Unyevu huingia katika mbao zikavimba, na asubuhi gita huamka limepotoka sauti. Mpigaji wa Mombasa kwa hiyo hukaza nyuzi zake kila siku kabla ya kuanza, naye hubeba kitambaa kikavu kama fundi saa. Nimejifunza kumpima mpigaji kwa kazi hiyo ya mwanzo. Asiye na subira ya kukaza nyuzi aghalabu hana jambo la kutuambia atakapoanza kucharaza.

Nikasema kwamba mtaa una mizani kali. Fikiri juu ya mtu aliyelipa kiingilio. Amekwisha kuamua kupendezwa, maana asipopendezwa fedha yake imepotea bure. Atavumilia wimbo mbaya akingoja mzuri, na mwisho atapiga makofi hata kama ni kwa adabu tu. Mpita njia hana ahadi na mtu. Hakulipa, hakualikwa, wala hakuketi. Akipunguza mwendo, amepunguza kwa sababu ya muziki wenyewe, si kwa sababu nyingine. Akisimama, ametoa sehemu ya siku yake, nayo ni mali isiyorudishwa. Ndiyo maana naithamini hatua moja ya mchukuzi iliyosita mbele ya gita kuliko makofi ya ukumbi mzima.

Nilishuhudia mtihani huo katika kivuko cha Likoni. Kila siku umati mkubwa huvuka hapo baina ya kisiwa na bara ya kusini, na waendao kwa miguu hawalipi nauli. Alikuwako mzee mmoja asiyeona, akipiga gita karibu na mahali pa kungojea feri. Gita lake lilikuwa limepasuka ubavuni na kuzibwa kwa ubao wa sanduku la chai, na uzi mmoja ulikuwa hauko. Nyuzi tano zilizobaki alizigawia kazi kwa haki: gumba lake lilitembea juu ya zile nene bila kuchoka kama mtu atwangaye, na kidole kimoja kikapanda na kushuka juu ya nyembamba. Watu wa asubuhi ni wagumu. Wana usingizi, wana haraka, na wengi wana fedha ya siku ile tu. Mzee hakuwaomba kitu wala hakupaza sauti. Nilihesabu watu waliopita bila kugeuka, nikachoka kuhesabu. Kisha feri ilipofungua mlango na umati ukaanza kuteremka kwa kishindo, nikaona jambo: miguu ya watu wa mbele ilikuwa imekwisha kufuata mwendo wa gita. Hawakujua. Hapana aliyetabasamu, na wachache tu walitupa sarafu. Lakini umati ulishuka kwa hatua zilizopangika, bila kusukumana, mpaka ukaingia chomboni. Sidai kwamba gita huzuia ajali. Nasema tu kwamba asubuhi ile mzee yule alifanya kazi ambayo watu wengi waliifaidi kabla ya kuijua.

Kinyozi mmoja karibu na Mwembe Tayari alinionyesha upande mwingine wa mambo. Gita lake lilining'inia ukutani baina ya kioo na kalenda, naye alilishusha umeme ulipokatika tu, mashine ya kunyolea ilipolala. Wateja walionyolewa nusu walikaa na mashuka yao shingoni wakisikiliza. Nimewahi kusikia wimbo mtamu ukikatizwa katikati kwa sababu umeme umerudi, na kinyozi akaliweka gita mara moja akashika mashine. Mteja mmoja alimsihi amalize wimbo. Kinyozi akajibu, "Kaka, kichwa chako kina haki juu yangu kuliko wimbo." Neno hilo nimelihifadhi. Gita la mtaani hukaa katika nafasi ambazo kazi imeziacha, wala haliinyang'anyi kazi nafasi yake.

Hapa nafika kwenye jambo zito. Katika Mji wa Kale si watu wote wanaopenda gita, na wengine hawalipendi kwa sababu ambayo lazima iheshimiwe. Wako wanavyuoni wanaofundisha kwamba Mwislamu ajiepushe na ala za nyuzi, na wako waumini wanaolishika fundisho hilo. Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao. Mkabala na nyumba yetu palikuwa na fundi cherehani, Mrabai, aliyepanga chumba cha mbele. Jioni alikuwa na desturi ya kusukuma cherehani ukutani akatoa gita. Alipiga vizuri, nami kijana wa shule nilikuwa nikisikiliza nyuma ya dirisha. Siku ya tatu au ya nne baba alishuka, akaenda kwake. Moyo wangu ulidunda, maana nilidhani gita limekwisha.

Baba alimsalimu, akauliza habari za watoto wake, kisha akasema, "Fundi, sitakuficha. Ala hii siipendi, na dini yangu yaniambia niiepuke. Lakini mtaa si wangu peke yangu, nawe umelipa kodi kama mimi."

Fundi akaliweka gita chini, akasimama. "Mzee," akasema, "nipe saa, nami nitaishika."

Wakakubaliana. Kila siku baada ya sala ya alasiri baba alikuwa akienda kuketi na wazee wenzake upande wa Forodhani, wakatazama majahazi mpaka karibu na magharibi. Muda huo ulikuwa wa fundi. Baba aliporudi, gita lilikuwa limekwisha kufunikwa. Patano hilo halikuandikwa popote, nalo lilidumu miaka kumi na mmoja. Ijumaa fundi hakupiga, ijapokuwa hakuambiwa. Palipokuwa na mgonjwa mtaani hakupiga. Wakati wa mitihani ya shule alitulia mpaka watoto walipomaliza. Wala usidhani kwamba baba alilainika akawa mpenzi wa gita kwa siri. Hakulipenda hata siku moja. Alichokipenda ni jirani anayetimiza neno lake, na hilo alilisema hadharani mara nyingi.

Baba alipofariki, fundi alishona sanda bila ujira, akasimama nasi mazikoni. Gita lake hatukulisikia. Siku ya arobaini ikapita, gita likaendelea kunyamaza. Mama yangu alikuwa katika eda, hatoki nje, na mchana wake wote aliumaliza katika chumba cha juu kilichoelekea njiani. Alasiri moja aliniita akasema, "Nenda kamwulize fundi kama ana maradhi. Mbona alasiri zimekuwa ndefu hivi?"

Nilikwenda nikamwuliza. Fundi akanitazama kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi ni mzima. Lakini saa ile nilipewa na mzee. Aliyenipa ameondoka, nami siwezi kujipa mwenyewe."

Nilimpelekea mama jibu hilo. Alikaa kimya, tasbihi mkononi, nami nikadhani hatasema kitu. Mwishowe akasema, "Mwambie mzee aliitoa saa ile, wala hakuondoka nayo."

Kesho yake fundi alipiga gita, polepole, kwa nyuzi mbili tatu, kama mtu anayebisha hodi. Mama hakuja dirishani, wala hakusema kama amependezwa. Lakini nilimsikia akimwambia msichana wetu wa kazi aanze kuandaa chai, kwa kuwa alasiri imefika. Kwa muda wa siku zaidi ya arobaini nyumba yetu ilikuwa haina saa. Siku hiyo ikaipata tena.

Msomaji, tangu hapo sikuweza tena kuliona gita kama chombo cha starehe tu. Niliona kwamba muziki mtaani huweza kuwa nguzo ya siku, hata kwa mtu asiyeupenda, ikiwa mpigaji ana adabu na jirani ana haki. Mtaa hauhitaji watu wote wapende kitu kimoja. Wahitaji watu wanaoweza kugawana alasiri.

Wako watakaonipinga. Watasema kwamba gita la njiani ni la watu walioshindwa kufika kumbini, na kwamba kumsikiliza mpigaji wa kivukoni ni kumhurumia maskini. Nawajibu kwamba huruma ni jambo jema, lakini haina uwezo wa kupanga miguu ya umati. Tena wapigaji wengi wa majukwaani walianza mahali pasipo jukwaa, na jukwaa liliwapokea kwa sababu njia ilikuwa imekwisha kuwanoa. Wengine watasema kwamba mji umejaa kelele, na kila sauti mpya ni mzigo. Hao nawaunga mkono kwa nusu. Vipaza sauti vinavyokesha vikinguruma ni adha, na anayevifungulia jirani usiku hana tofauti na anayemmwagia maji mlangoni. Lakini gita lisilo na umeme lina kipimo chake cha kuzaliwa: halifiki mbali kuliko sauti ya mtu anayeita. Mwenye kulichukia akipiga hatua hamsini amekwisha kuliacha.

Liko jambo jingine linalonitia wasiwasi kuliko hayo. Siku hizi kila kijana hubeba simu yenye nyimbo za dunia nzima, na vidude vya kusikilizia amevitia masikioni. Sikatai manufaa yake. Kwa simu hiyo waweza leo kumsikiliza Mwenda, Fundi Konde na Zein l'Abdin katika kituo kimoja cha matatu, jambo ambalo babu yako asingeliota. Lakini muziki wa masikioni hauna jirani. Haukufundishi kungoja alasiri, wala hauwezi kunyamaza kwa ajili ya mgonjwa wa nyumba ya tatu. Tena mpigaji wa njiani akipitwa kutwa nzima na watu walioziba masikio, mwisho atakwenda kutafuta kibarua kingine, na kijana ambaye angesimama kumtazama vidole atakua bila kujua amekosa nini. Hasara ya namna hiyo haina kishindo. Hakuna gazeti litakaloitangaza.

Kwa hiyo, mwanafunzi unayesoma insha hii, nakupa nasaha chache, uzipime mwenyewe. Ukimkuta mtu anapiga gita mahali pa kazi za watu, toa vidude masikioni kwa muda wa wimbo mmoja. Tazama gumba lake, kwa maana humo mna siri nusu ya ufundi. Akiwa anaishi kwa gita hilo, mpe ulicho nacho. Na kama huna, msalimu, kwani salamu nayo ni malipo kwa mtu asiyetazamwa. Ikiwa wewe mwenyewe una gita, au utalipata siku moja, jifunze kulikaza kabla ya kulicharaza. Jifunze pia kumwuliza jirani saa yake. Usiogope mtu anayekuambia wazi kwamba halipendi; ogopa kupiga kwa namna itakayomfanya awe na haki ya kulichukia.

Na kama huna gita wala hutaki kuwa nalo, bado una kazi. Mpigaji mmoja huhitaji wasikilizaji wengi, na kusikiliza ni ufundi unaokuja kwa mazoezi kama ufundi mwingine wowote. Mimi sikujaliwa vidole wala koo, lakini sijawahi kujiona fukara katika mji wenye nyuzi sita mlangoni. Nakutakia mtaa kama huo. Na kama mtaa wako hauna gita, huenda kijana wa kulileta yumo darasani mwako.